Uliza Tujibu: Cheti kipo ukutani, mikono imesahau

Barua za mwezi huu zimetoka leba, chuoni, nyumbani kwa mzazi na kwenye kamati ya zahanati. Zote zinazunguka jambo moja: muuguzi anavyofundishwa, na faida ya mafunzo hayo inavyomfikia mgonjwa. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani.

Semina ya siku tatu

*Habari za kazi. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya, tuko wakunga wanne. Mwaka jana nilipelekwa semina ya siku tatu ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, nikafaulu, cheti kipo. Miezi saba baadaye mtoto akazaliwa kimya mikononi mwangu. Ambu begi, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, nikaitafuta droo hadi droo, na nilipoipata maski ikawa inavujisha hewa. Mtoto alipona, ila mimi usingizi sina. Je, sikufundishwa vizuri au nimesahau?* — S., Kigoma

Sista, ulifundishwa na umesahau, na hilo halina aibu. Kubana maski kwenye uso wa mtoto wa kilo tatu anayeteleza ni kazi ya vidole, na vidole visipoirudia vinaipoteza ndani ya miezi michache, hata kama kichwani hatua zote bado zimepangika. Piga hesabu. Katika watoto 100 wanaozaliwa, kama 10 huhitaji msaada ili waanze kupumua. Wengi wao huitikia kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wanaohitaji kupulizwa hewa ni 3 hadi 6. Kituo kinachozalisha akina mama 20 kwa mwezi kitampata mtoto wa namna hiyo kama mara moja kwa mwezi. Mkiwa wakunga wanne, kila mmoja anakaa miezi minne au mitano bila kuigusa maski kwa kazi ya kweli.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliwahi kulipima jambo hili. Baada ya kozi ya siku moja, watumishi walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini ndani ya leba utendaji haukubadilika. Utaratibu ukageuzwa: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale leba, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya wachanga ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Baadaye mazoezi ya aina hiyo, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto, yalipelekwa kwenye hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa takriban 40%, ingawa si kila mkoa ulipata nafuu ileile.

Kwa hiyo usisubiri semina nyingine. Chagueni siku mbili za wiki, saa ya kukabidhiana zamu, wakati zamu mbili ziko pamoja. Mmoja anashika mwanasesere, mwingine anashika simu yenye kipima muda. Mwanasesere wa kujazwa maji ya uvuguvugu ndiye bora kwa sababu ana uzito na kichwa chake hulegea kama cha mtoto. Kama hamna, mwombeni muuguzi mkuu wa halmashauri, mara nyingi yupo kwenye kabati la mtu tangu semina iliyopita. Anayepima muda anasema "amezaliwa, halii". Kuanzia hapo mna sekunde 60. Kausha mwili wote, ondoa kitambaa kilicholowa, sugua mgongo. Bado hapumui? Bana na kata kitovu, mpeleke mezani, kichwa kiinuke kidogo kama mtu anayenusa harufu ya chakula, maski ifunike kidevu, mdomo na pua, uanze kupuliza: pumzi 40 kwa dakika. Jicho lako likae kifuani. Kifua kisipoinuka hakuna hewa inayoingia, hata ukibana mfuko kwa nguvu zote.

Makosa tunayoyaona ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni kunyonya makamasi kwa muda mrefu. Mkunga anaona anafanya kazi, kumbe dakika inaondoka, na mpira ukifika nyuma ya koo unaweza kuyashusha mapigo ya moyo. Nyonya tu pale uchafu unapoziba njia. La pili ni maski kubwa kupita uso. Namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ni ya njiti. La tatu ni kuacha kupuliza kila mara ili "kusikiliza kama ameanza". Mtoto asiyepumua haanzi kwa kusikilizwa. Puliza dakika nzima, kisha mwenzako ahesabu mapigo kwa kushika kitovu, na yakiwa chini ya 100 endelea. La nne ni vali ya ambu begi iliyounganishwa vibaya baada ya kuoshwa. Hii igundueni asubuhi: ziba tundu la maski kwa kiganja, bana mfuko. Ukihisi upinzani kisha vali ya juu ikatoa mlio wa hewa, ni nzima. Mfuko ukinywea bila upinzani wowote, fungua uunganishe upya.

Na ile droo. Ambu begi ikae juu ya meza ya mtoto, imefunikwa kitambaa safi, kila siku, hata siku ambayo hakuna mama leba. Vituo vingi huifungia ili isiibiwe. Basi funga chumba, meza iache wazi.

Kuna kikwazo ambacho hukukitaja nasi tunakitaja: posho. Semina ya mjini ina posho, mazoezi ya dakika tano leba hayana, ndiyo maana ya kwanza hupata washiriki na ya pili hufa baada ya wiki tatu. Tumeona yakidumu pale mganga mfawidhi alipoyaandika kwenye ratiba ya zamu, na mkunga mmoja akapewa daftari la kusaini nani amefanya na maski ilivuja mara ngapi. Daftari hilo lisaidie pia kwenye mafunzo endelevu ambayo Baraza la Uuguzi na Ukunga linayadai unapohuisha leseni; muulize muuguzi mkuu wenu namna ya kuyasajili.

Binti ana D mbili

*Salaam. Binti yangu amemaliza kidato cha nne: Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Hisabati F. Anataka unesi. Wakala mmoja anasema chuo chake kinampokea mara moja tukilipa nusu ya ada wiki hii. Nifanyeje?* — Mzazi, Njombe

Baba, usilipe wiki hii. Kwa matokeo hayo binti ana sifa za msingi: kinachotakiwa ni ufaulu wa angalau D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi kwenye ushindani, hazimfungii mlango.

Ngazi ziko hivi. Mwaka wa kwanza ni NTA 4, wa pili NTA 5, ambayo ni astashahada, wa tatu NTA 6, ambayo ni stashahada. Akihitimu bado hajawa muuguzi kisheria mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni. Mtu mwenye cheti cha chuo bila leseni haruhusiwi kuchoma hata sindano moja.

Kabla ya kutoa pesa angalia kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kama chuo kimesajiliwa, na kama kimeruhusiwa kufundisha uuguzi na ukunga. Chuo kinaweza kuwa halali kwa famasia na kisiwe halali kwa uuguzi. Hapo ndipo wazazi hupigwa. Kisha piga simu chuoni, si kwa wakala, uulize: wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, hospitali hiyo inazalisha akina mama wangapi kwa mwezi, na vyuo vingine vingapi vinapeleka wanafunzi hapohapo? Hospitali ya uzazi 90 kwa mwezi yenye wanafunzi 120 kutoka vyuo vitatu haitampa binti yako hata mzazi mmoja wa kumhudumia mwenyewe kwa mwezi. Uliza pia wahitimu wao wangapi walifaulu mtihani wa Baraza mwaka uliopita. Chuo kizuri kitajibu bila kuzunguka.

Ada si gharama yote. Kuna sare, viatu vyeupe, kipimo cha presha, nauli na chumba wakati wa mazoezi ya mbali. Mnunulie pia saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwani mapigo na pumzi huhesabiwa kwa saa, na simu mkononi wodini ni ugomvi na sista. Kuhusu mkopo, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imefungua dirisha la stashahada kwa fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Soma mwongozo wa mwaka husika, masharti hubadilika.

Digrii inaokoa zaidi?

*Je, ni kweli hospitali yenye manesi wa digrii wagonjwa wake hufa wachache?* — Mwanafunzi, Dodoma

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2014, wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, ulikuta kwamba kila asilimia 10 ya ziada ya wauguzi wenye shahada iliendana na pungufu ya 7% katika uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki. Wanaoupenda sana huishia hapo. Utafiti huohuo ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi mmoja hupandisha uwezekano huo kwa 7%. Ukichukua wa shahada ukamwachia wodi ya wagonjwa 40 usiku peke yake, umeisoma nusu ya kwanza tu. Shahada yetu ya miaka 4 ina faida yake, hasa kwa watakaofundisha na kusimamia, ila kwa leba na wodi za wilaya wenye stashahada ndio wengi, na wao ndio wa kuwekeza kwao kwanza.

Wanafunzi 45, vitanda 24

*Mimi ni mkufunzi. Napeleka wanafunzi 45 kwenye wodi yenye vitanda 24. Wanasimama ukutani kama wageni wa harusi. Vitabu vyao vya mazoezi vimejaa saini, mikononi hamna kitu. Nisaidieni.* — Mkufunzi, Mbeya

Mwalimu, anza na saini. Kitabu cha mazoezi hujazwa Ijumaa jioni kwa sababu mwanafunzi anamfuata sista aliyechoka na kurasa kumi kwa mpigo. Weka kanuni moja: saini hutolewa saa ileile, mbele ya mgonjwa, na asiyeona kazi ikifanyika hasaini. Wiki mbili za kwanza watalalamika.

Halafu wagawe. Kumi na wanane wasigusane na wodi kabisa wiki hiyo: sita kliniki ya mama na mtoto, sita wagonjwa wa nje, sita wafuatane na timu ya mkoba ya chanjo. Ishirini na saba waliobaki ni zamu tatu za tisa, asubuhi, mchana na usiku. Usiku husahauliwa, na ndio wenye kazi nyingi na watu wachache. Kila wawili wapewe wagonjwa wawili kwa jina, si "wodi nzima". Muulize kila jozi mwisho wa zamu maswali matatu: mgonjwa wenu ana nini, kimebadilika nini tangu asubuhi, na mnahofia nini usiku huu? Swali la tatu ndilo linaloonyesha nani anafikiri.

Fundisha kitu kimoja kwa siku, kikae. Chukua presha, ambayo kila mtu anadhani anaijua. Fungua kitabu cha vipimo cha wodi usome mwezi mzima: 120/80, 110/70, 130/80, 120/80. Namba zote zinaishia na sifuri. Mkono wa binadamu haujui sifuri. Kipimo cha zebaki au cha saa kinasomwa kwa mistari ya 2, kwa hiyo 118, 124 na 136 zingepaswa kuonekana mara nyingi kama 120. Kitabu cha namna hiyo kinakuambia watu wanakadiria, au hawapimi. Kwa mama mjamzito hilo ni hatari, kwa kuwa 138/88 na 142/92 zote zikiandikwa 140/90, au mbaya zaidi 130/80, wa kuangaliwa mkojo kwa protini hajulikani ni nani.

Waonyeshe mara moja kimya, mara ya pili ukieleza, mara ya tatu wao waeleze wewe ufanye, ya nne wafanye. Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkojo ameshatoa, mkono uwe usawa wa moyo. Mkanda ukae juu ya ngozi, si juu ya mkono wa sweta, vidole viwili juu ya kiwiko. Jaza huku ukigusa mapigo ya kifundo cha mkono. Yakipotea ongeza 30. Shusha polepole, 2 kwa sekunde. Mwanafunzi mwenye haraka hushusha 10 kwa sekunde, ndipo sifuri zinapozaliwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu isiyokuwepo. Wodi iwe na mikanda ya saizi mbili angalau.

Jambo moja ambalo mitaala hailigusi vya kutosha ni lugha. Wanafunzi hukariri kwa Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, mgonjwa ni wa Kiswahili, na bibi wa kitanda cha dirishani anajua Kisafwa tu. Mpe mwanafunzi pakiti ya ORS amweleze mama wa mtoto anayeharisha. Atasema "changanya kwenye lita moja ya maji safi". Mama ataitikia "sawa". Hapo mwanafunzi afundishwe kuuliza: "Mama, ukifika nyumbani utapimia nini?" Mara nyingi jibu ni kikombe, au jagi lisilojulikana ujazo. Sasa ndipo elimu inaanza: chupa mbili za maji za nusu lita, zikajazwa hadi shingoni, pakiti nzima si nusu, mchanganyiko umwagwe baada ya saa 24. Zinki vidonge vya siku 10 mtoto amalize hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Mwanafunzi asiyeweza kuyasema hayo kwa Kiswahili cha sokoni bado hajaielewa ORS.

Wanasoma, wanaondoka

*Kenya ilitia saini na Uingereza mwaka 2021 kupeleka wauguzi. Kuna haja gani ya kuwasomesha?* — Msomaji, Mombasa

Kwa Kenya, na hata Tanzania, kuna wauguzi wenye leseni wanaokaa nyumbani kwa kukosa ajira huku vituo vikiwa na upungufu. Hao wakienda Uingereza hawajaiacha wodi yoyote. Hasara hutokea anapoondoka mkunga wa miaka kumi, yule anayewafundisha wengine leba, kwa sababu darasa lake halina mbadala. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa mwaka 2010, na zinataka nchi inayopokea iisaidie inayotoa. Swali la kuulizwa kuhusu mkataba wowote ni hili: unalipa wakufunzi wangapi huku nyumbani?

Jengo jipya, nesi yuleyule

*Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Serikali imetujengea jengo zuri la uzazi. Nesi anaomba kamati imruhusu aende hospitali ya wilaya wiki mbili kujifunza. Wajumbe wanasema jengo linatosha, zahanati isibaki na mtu mmoja. Mnashauri nini?* — Mwenyekiti, Ruvuma

Mwenyekiti, mruhusuni, ila ombeni wilaya ilete wa kumshikia nafasi. Takwimu za taifa zinawapa hoja. Kati ya utafiti wa afya wa 2015/16 na ule wa 2022, wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka 63% hadi 81%, na vifo vya wajawazito vikashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 hadi 24 tu kwa kila 1,000. Akina mama wamefika kwenye majengo. Mtoto bado anategemea mtu aliyesimama pembeni ya kitanda anajua kufanya nini kwenye dakika ile.

Mwambieni akirudi awaonyeshe mambo mawili, na nyinyi wajumbe myaone kwa macho.

Kwanza, damu. Damu ya uzazi ikinyonywa na kanga na godoro haihesabiki, na jicho huikadiria pungufu. Kuna mfuko wa plastiki unaowekwa chini ya mama, una mistari ya ujazo, ikifika mililita 500 mkunga haulizi tena. Jaribio la hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, lililotangazwa 2023, lilitumia mfuko huo pamoja na kufundisha wakunga kufanya hatua zote kwa pamoja badala ya moja moja: kusugua tumbo la uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), gramu 1 ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande) kwa mshipa, maji ya mshipa, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kuvuja damu kwa hatari na matokeo yake mabaya kulipungua kwa 60%. Dawa hizo nyingi zilikuwepo tangu zamani, ila zilikuwa zinachelewa, kila moja ikisubiri nyingine ishindwe.

Pili, friji. Oksitosini ya yuniti 10 huchomwa pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mkunga akishahakikisha hakuna pacha. Dawa hiyo inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Zahanati nyingi huiweka kabatini kwa imani kwamba friji ni ya chanjo peke yake. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaruhusu ikae friji moja na chanjo, kwenye boksi lake lenye maandishi. Ikikaa kabatini msimu wa joto inapoteza nguvu bila kubadilika rangi, na mkunga hujikuta amechoma sindano mbili damu ikiendelea, akadhani kosa ni la mama. Siku ya kikao kijacho ombeni mfunguliwe friji, msome kipimajoto, muone boksi liko wapi.